Ua la Kikanda

Harufu ya karanga za kukaanga ikichanganyika na pilipili na moshi wa makala, yaani makaa, hunisimamisha popote nilipo. Juzi ilinikuta katikati ya Lubumbashi, mlangoni pa benki. Ndani, juu ya meza ya mapokezi, palikuwa na chungu cha kauri chenye orkide nyeupe, ua la kutoka ng'ambo lenye shingo ndefu iliyopinda, na mlinzi alikuwa akiwakemea watoto wasiliguse. Nje, ng'ambo ya mfereji, mama mmoja alikuwa ameketi na beseni lililofunikwa kitambaa, akiuza kikanda. Watu walinunua kipande, wakakila wamesimama, wakafuta vidole, wakaingia benki na kulitazama lile ua. "Orkide! Ni muzuri kabisa!" Hakuna aliyeonekana kujua kwamba alikuwa ametoka kumla ndugu wa ua hilo.

Siwacheki. Mimi mwenyewe nilikula kikanda muda mrefu kabla sijajua kinatoka wapi, na nilikaa katika nyumba yenye harufu hiyo katika nguo, katika nywele, hata katika daftari za shule.

Kwa wewe unayesoma ukiwa mbali na kwetu, kikanda ni hivi. Katika dembo, yaani mabonde ya nyasi yanayojaa maji wakati wa mvua, huota mimea midogo yenye viazi chini yake, vya ukubwa wa kidole gumba. Viazi hivyo huchimbwa, hukaushwa, hutwangwa. Unga wake hupikwa na karanga za kusaga, pilipili, chumvi na soda kidogo, kisha sufuria hufunikwa na makala ya moto huwekwa juu ya kifuniko. Kinachotoka ni kitu kizito cha rangi ya kahawia, unakikata kwa kisu kama mkate, na wageni husema kina ladha ya soseji. Sasa, ile mimea ni ya ukoo wa orkide. Wenye elimu ya mimea wakitamka orkide hawamaanishi ua moja. Wanamaanisha ukoo mzima, mkubwa ajabu, wenye jamaa wa juu ya miti, wa kwenye majabali na wa kwenye matope. Sisi wa mjini tukisema orkide tunamaanisha ile ya kwenye chungu, ya harusi na ya ofisi. Tukisema kikanda tunamaanisha chakula. Mmea wenyewe, ule uliosimama kwenye dembo na maua yake, hatuuiti chochote.

Nililijua jambo hilo nilipokuwa mtoto, nikikaa mtaa wa Katuba kwa dada mkubwa wa mama yangu.

Baba alikufa kwa homa kabla sijaushika uso wake akilini. Nilipokuwa na miaka minane mama yangu, Mado, alisikia kwamba huko Kilwa, kwenye ziwa Mweru, mwanamke mwenye bidii anaweza kununua samaki wakavu na kuwapeleka mjini. Akanileta kwa dada yake pamoja na mkeka wangu na sahani yangu ya bati, akaniambia, "Chola, barabara ikikauka nitakuya kukutwaa." Nilimwamini. Barabara ilikauka, ikalowa, ikakauka tena.

Mama Mukubwa Feli alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mikono mikubwa. Alikuwa ameolewa zamani na kurudishwa kwao kwa sababu hakuzaa, na tangu hapo alikuwa akiishi peke yake kwa kupika kikanda na kukiuza sokoni. Hakuwa mkali. Hakunipiga hata mara moja. Ila hakujua mtu afanye nini na mtoto. Aliniambia "Oga," "Kula," "Shule," nami nikaoga, nikala, nikaenda shule. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili, na kimoja alinipa mimi, kizima. Majirani walisema nimebahatika. Lakini mimi nilikuwa nimezoea kulala nimeegemea mgongo wa mama, na kile chumba kilikuwa kikubwa kama kanisa siku isiyo ya ibada. Nilisogeza mkeka hadi kwenye ukuta uliotutenganisha, nikilala nimeweka mgongo pale. Ukuta ulikuwa baridi, lakini ulikuwa kitu.

Mchana tulikuwa tukifanya kazi. Yeye alitwanga, mimi nilichagua karanga mbovu. Mchi ulikuwa ukipanda na kushuka na ndio uliokuwa ukizungumza ndani ya ua ule. Wakati mwingine aliniangalia kwa muda mrefu, kisha akageuza macho nilipomwangalia. Nilidhani ananipima kama mzigo, kwamba anajiuliza nitaondoka lini.

Watoto wa barabara yetu waliniita Kikanda. "Kikanda anakuya! Fungeni pua!" Halafu jioni walewale walitumwa na mama zao kununua kipande kwetu, wakakipokea kwa adabu sana, mikono miwili, kana kwamba hatujawahi kuonana.

Shuleni mwalimu wetu alikuwa Madame Kapinga, mwanamke mnene, mchangamfu, ambaye wazazi wake walitoka Kasai. Alipenda kufundisha kwa vitu vya kushika, na vilipokosekana alitumia picha za kalenda kuukuu. Siku moja alibandika ubaoni picha ya ua la zambarau, akasema kwamba leo tutasoma familia za mimea. Nilishtuka. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mimea nayo ina familia.

"Hii ni orkide," akasema. "Angalieni. Hapa kuko jani moja ya mauwa yenye haifanane na zingine, kama mudomo. Mukiona ile, mujue muko mu famille ya ba orkide. Sasa, nani humu alishakula orkide?"

Darasa likacheka. Nani anakula maua?

"Mwe bote mulishakula," akasema Madame. "Kikanda ni orkide."

Vichwa vyote vikanigeukia. Nilisikia masikio yakinichoma, nikangoja kicheko. Badala yake msichana wa dawati la mbele akasema kwa sauti ya mtu aliyepunjwa, "Madame, basi Chola njo fleur?" Yaani mimi ndimi ua. Hapo wakacheka, na Madame akacheka pia, nami kwa mara ya kwanza katika darasa lile nikacheka pamoja nao. Kwa siku mbili tatu waliniita Orkide, wakivuta neno kwa kejeli. Halafu wakalichoka, wakarudia Kikanda, kwa kuwa ni rahisi kupaza.

Siku ile nilirudi nyumbani mbio. Mama Mukubwa alikuwa kwenye kinu.

"Mama Mukubwa, Madame anasema kikanda ni mauwa!"

Mchi ukasimama.

"Ni mauwa," akajibu.

"Ulikuwa unajua?"

"Mi nilikomalia mu ile mauwa." Yaani alikulia humo. Akautazama unga ndani ya kinu kama mtu aliyeulizwa habari za rafiki wa zamani. Kisha akasema, "Mvua ikipungua tutaenda. Utaiona na macho yako."

Nilidhani ni moja ya zile ahadi za watu wazima. Lakini Jumamosi moja, mvua zilipokuwa zikielekea kuisha, aliniamsha mapema, akanifunga kitenge mabegani, tukapanda basi dogo mpaka mahali lami inapokwisha, kisha tukaenda kwa miguu katika njia nyembamba ya wachoma makala. Yeye alikuwa mbele na jembe begani. Tulitoka kwenye miti, na dembo likafunguka mbele yetu.

Nyasi zilikuwa zimenifikia kifuani. Kati yake yalisimama maua: ya waridi, yamepangwa juu ya shina moja kama watu waliopanga foleni, meupe yenye ndevu, na moja moja la rangi ya moto, jekundu mpaka likaonekana limewekwa pale na mtu. Hayakuwa na harufu ya kikanda hata kidogo. Nililishika la waridi, nikatafuta lile jani la ua lisilofanana na wenzake, nikaliona, limejikunja kama kofia. Nikapiga kelele. Mama Mukubwa alikuwa amevua viatu, amesimama ndani ya maji mpaka kifundo cha mguu. Alikuwa anatabasamu. Ndipo nilipogundua kwamba ana mwanya kati ya meno ya mbele, kama mimi.

Alichimba mmea mmoja kunionyesha. Chini yake palikuwa na viazi viwili, kimoja kimekunjamana na laini, kingine kigumu, cheupe, kimejaa.

"Hii ya zamani inakomesha mauwa, inaisha," akasema, yaani ndicho kiazi kinachoyakuza maua. "Hii mupya inangojea mwaka yenye kuya."

"Tunakulaka gani?"

"Ya mupya."

"Sasa mwaka yenye kuya, mauwa itatokea wapi?"

Alinitazama. Kisha akakirudisha kile kiazi kipya shimoni, akakifukia, akakanyaga udongo kwa mguu wake mtupu. Tulirudi bila kuchukua hata kimoja, wakati unga wa kazi yake ulikuwa umekwisha nyumbani.

Mimi nilikata shina moja la maua ya waridi. Wiki ileile dereva mmoja wa lori la samaki alikuwa ametuletea habari kwamba mama yuko njiani kutoka Kilwa, barabara ni mbovu lakini atafika. Nikamwambia Mama Mukubwa, "Hii ni ya mama. Akifika nitamupatia." Lile tabasamu lilirudi lilikotoka. Alisema tu, "Iweke mu maji."

Niliweka katika chupa ya mafuta iliyokatwa shingo. Maua yale yana subira. Siku zilipita na hayakunyauka. Nami nilikunja nguo zangu, nikazitia katika mfuko pamoja na sahani ya bati, nikauegemeza nyuma ya mlango. Kwangu hapakuwa na swali. Barabara ilikuwa imekauka vya kutosha lori kupita, nilikuwa natwaliwa.

Siku ambayo mama alifika, Mama Mukubwa alikuwa akipika tangu asubuhi. Alisahau chumvi. Yeye, ambaye wanawake wa Katuba nzima walikuwa wakija kuuliza vipimo vyake, alionja, akakunja uso, akaonja tena kana kwamba ulimi ndio wenye kosa.

Lori lilisimama barabarani kwa sababu halikuweza kuingia katika njia yetu. Nilimwona mama akishuka. Alikuwa amenenepa, amevaa kitenge kipya, na mgongoni alikuwa amembeba mtoto mchanga. Nyuma yake alikuja mwanamume mwenye kofia, na kifuko cha samaki mkononi. Nilikimbia. Mama alinikumbatia kwa mkono mmoja, upesi, akanusa nywele zangu, kisha akanisogeza kando. Katika mkono mwingine alikuwa na gauni jipya la maua. Nilipolijaribu pale pale uani, liliishia mbavuni. Alikuwa amelinunua kwa kipimo cha mtoto aliyemwacha.

Waliketi. Mtoto mchanga akateremshwa, akapewa lile shina la maua achezee kabla sijasema ni la nani, akachuma ua moja na kulitia kinywani. Mama akacheka. "Angalia, anakula majani ya kikanda!" Nilitaka kumwambia ni orkide, kwamba ina mdomo, kwamba nilimletea yeye. Lakini mtoto alikuwa na masikio ya mama, madogo, yaliyobana kichwani, nami nikabaki nikiyatazama.

Yule mwanamume, aliyeitwa Papa Jeannot, alikuwa kaka mkubwa wa mume wa mama. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kuna mume. Alikuwa mtu mpole, mwenye kupenda kujua habari za watu. Akanielekezea kidevu.

"Na uyu mutoto naye? Ni wa nani?"

Mama alikuwa akimfuta mtoto mate. Hakuinua uso.

"Ni mutoto wa yaya," akasema.

Mutoto wa yaya. Mtoto wa dada yangu. Nilimtazama mama, nikangoja acheke, aseme anatania. Aliendelea kuufuta mdomo uliokuwa umeshakauka, na uso haukuinuka. Basi nikamgeukia Mama Mukubwa, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kusema uongo. Hakujua hata kumdanganya mnunuzi kwamba kikanda cha jana ni cha leo.

Alikuwa ameinama juu ya sufuria, kisu mkononi. Akajinyoosha urefu wake wote.

"Ni wangu," akasema. "Wa kwanza na wa mwisho."

Papa Jeannot akatikisa kichwa kwa ridhaa. "Kweli, munafanana. Hata meno."

Mama Mukubwa akakata kipande, akakiweka kiganjani mwangu, akanifunga vidole juu yake. Mkono wake mkubwa ulibaki pale kidogo. Mimi niliuondoa wangu. Kwa akili yangu ya wakati ule, watu wawili walikuwa wamepatana mbele yangu kunifuta, na wa pili nilimwona mbaya kuliko wa kwanza, maana yeye alifanya hivyo uso ukiwa juu.

Hawakukaa sana, lori lilikuwa na samaki wa kupeleka. Kwenye kuagana mama alinivuta kwake, akaninong'oneza sikioni, "Vumilia, mutoto yangu," halafu kwa sauti ya wote akasema, "Usikie mama yako." Alikwenda. Sikukimbia nyuma yake. Nilichukua mfuko wangu nyuma ya mlango, nikaenda kuketi kwenye kivuli cha ukuta, nyuma ya nyumba, nikiwa nimeupakata.

Jua lilipogeuka Mama Mukubwa alikuja. Aliketi chini, kando yangu, bila kunigusa. Alikaa mpaka kivuli kikatuacha. Kisha akauchukua mfuko taratibu, akaingia nao ndani, nami nilisikia kupitia dirishani akizitundika nguo zangu kwenye misumari, moja baada ya nyingine, na sahani ya bati ikirudi mahali pake na sauti yake ndogo. Kwa siku nyingi sikumsemesha. Yeye alivumilia. Siku ya soko aliniletea viatu vipya, vikubwa kuliko mguu wangu, na pamba ya kujaza mbele.

Mambo yalikuja kutengenea kwa namna yake, kama mambo ya watu yanavyotengenea, baada ya muda wake kupita. Nilipokuwa sekondari, mama alimwambia mumewe ukweli. Mume akasema alikuwa akijua tangu mwanzo, madereva walishamwambia, ila alikuwa akingoja asikie kutoka kwake mwenyewe. Mama alilia sana kwa ajili ya miaka ile. Alinialika Kilwa, nikaenda, nikaliona ziwa, nikala samaki wadogo wa kukaangwa, nikambeba mdogo wangu mwenye masikio yale. Walinitendea vizuri wote. Nilikaa wiki moja, na kila asubuhi niliamka nikitega sikio nisikie mchi. Nikarudi Katuba.

Baadaye nilipata nafasi kwenye chuo kikuu huko Kasapa. Jumamosi nilirudi nyumbani kumenya viazi na Mama Mukubwa, ambaye wakati huo nilikuwa nikimwita mama tu, sikumbuki tangu lini. Jumamosi moja, mikono ikiwa na matope, nilimwuliza jambo nililokuwa nimelibeba muda mrefu.

"Mama, siku ile Papa Jeannot aliuliza, juu ya nini ulikubali kubeba ile uongo?"

Hakuelewa. Nilimkumbusha. Akaacha kumenya.

"Uongo gani? Aliuliza mutoto ni wa nani. Mi nilijibu."

Aliokota kiazi kingine, akakigeuza-geuza, na nilidhani mazungumzo yamekwisha, kama ilivyokuwa desturi yake. Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Wewe ulikuwa unangojea akuye. Mi nilikuwa nangojea asikuye. Kila lori ikipita nilikuwa naomba Mungu, na nilikuwa nasikia haya, juu ni mudogo wangu. Nilikuwa naona: nikimuzoea huyu mutoto, batamutwaa, nitakufa. Nikamuacha mbali kidogo."

Akaendelea kumenya, maganda yakianguka miguuni pake.

Ndipo nilipoelewa kile chumba kizima nilichopewa, na yale macho yaliyokuwa yakigeuka. Miaka ile yote nilidhani kwamba mpweke wa nyumba ile ni mimi peke yangu. Haikunijia hata siku moja kwamba upande wa pili wa ule ukuta baridi mtu mzima alikuwa amelala macho, akisikiliza lori zilezile nilizokuwa nikizisikiliza mimi, akiwa na hofu yangu kinyume chake, na kwamba kama ningebisha hodi tu, angefungua.